Ibada Saa Nane, Ukumbi Saa Tatu: Nani Anapanga Saa ya Harusi?

Kadi ya harusi ya Dar es Salaam siku hizi hubeba saa mbili. Ya kwanza ni ya ibada, mara nyingi saa 8 au saa 9 mchana, pamoja na jina la kanisa. Ya pili ni ya tafrija ukumbini, saa 12:30 jioni, na mbele yake neno "kamili", wakati mwingine likisindikizwa na ombi la kuzingatia muda. Anayeipokea haamini hata moja. Anajua kwamba akifika kanisani saa 8 atawakuta wanakwaya wakijaribu kinanda, na akifika ukumbini saa 12:30 atawakuta vijana wa mapambo bado wako juu ya ngazi. Basi humpigia mjumbe wa kamati na kuuliza: "Muda wenyewe hasa ni saa ngapi?" Mjumbe naye, kwa sauti ya chini, humpa saa ya tatu ambayo haimo kabisa kwenye kadi.

Mambo haya yamezoeleka hadi yamekuwa kichekesho cha ma-MC. Gharama yake, hata hivyo, ina walipaji: wazee wanaokaa mezani hadi usiku mkubwa bila kutia kitu kinywani, wapishi wanaohangaika kutunza pilau isipoe, mpiga picha anayekuta mwanga umeshakwenda, na mweka hazina anayedaiwa nyongeza na ukumbi. Ndiyo maana swali la saa ya ibada limeanza kubishaniwa kwa nguvu kwenye vikao. Wapo wanaotaka ndoa ifungwe saa 4 asubuhi, mambo yaishe mapema. Wapo wanaoshikilia saa 8 ya siku zote. Wapo wanaotaka ibada isogezwe mpaka saa 9:30 au saa 10, ili watu wakitoka kanisani waelekee ukumbini moja kwa moja. Kila upande una hoja yake, na kila upande una gharama ambayo hauitaji kikaoni.

Saa ambazo maharusi hawazichagui

Kabla ya maharusi kuchagua, kuna waliokwisha kuchagua kwa niaba yao. Kwa Wakristo wengi siku ya harusi ni Jumamosi, kwa sababu siku za wiki watu wako kazini na Jumapili kanisa lina ibada zake. Jumamosi yenyewe ni finyu kuliko inavyodhaniwa. Asubuhi kuna mafundisho ya watoto, mazoezi ya kwaya na usafi wa kanisa. Jioni, kwa Wakatoliki, kuna misa inayohesabiwa kuwa ya Jumapili. Parokia yenye waumini wengi hubaki na vipindi viwili au vitatu vya ndoa, na si ajabu jozi kadhaa za maharusi kupangwa kwenye misa moja. Hapo anayesema "tumechagua saa 8" kwa kweli amepewa saa 8.

Kalenda nayo hubana. Kwaresma hupunguza sana ndoa za Kikatoliki, kwa hiyo maombi hulundikana kwenye Jumamosi za baada ya Pasaka. Pasaka huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, na masika ya Pwani hunyesha Machi hadi Mei, Aprili ikiwa mwezi wa mvua kubwa kuliko yote Dar es Salaam. Foleni ndefu ya maharusi, basi, hufunguliwa wakati barabara zimejaa maji. Wasabato wana hesabu tofauti: Sabato yao huanza Ijumaa jua linapozama na kuisha Jumamosi jua linapozama, hivyo harusi zao huhamia Jumapili, na wageni wao wengi wanajua kesho yake ni kazini.

Ndoa ya bomani ina mipaka ya ofisi. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inadai taarifa ya siku 21 kabla ya ndoa kufungwa, na ofisi za serikali hufanya kazi kuanzia saa 1:30 asubuhi hadi saa 9:30 alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa. Mipaka ya aina hii ina historia ndefu. Uingereza iliruhusu ndoa hadi saa 6 mchana tu. Mwaka 1886 ikasogeza hadi saa 9 alasiri, mwaka 1934 hadi saa 12 jioni, na haikuiondoa mipaka hiyo mpaka Oktoba 2012. Sheria ya Ndoa ya Uganda ya mwaka 1904 ilifuata mtindo huo huo: ndoa ya kanisani ifungwe milango ikiwa wazi, kati ya saa 2 asubuhi na saa 12 jioni. Nia ilikuwa ndoa isifungwe gizani wala kwa siri. Mwenye pingamizi apate nafasi ya kulisema mchana kweupe.

Nikaha ndiyo inayofundisha zaidi. Waislamu wa Pwani huifunga msikitini baada ya swala, mara nyingi Alasiri au Isha, wengine baada ya swala ya Ijumaa. Huanza kwa wakati, au karibu na wakati, na sababu mbili zinaeleza kwa nini. Kwanza, saa yake imefungwa kwenye kitu ambacho familia haiwezi kukisogeza: adhana haimsubiri mtu, na waumini wameshakusanyika kwa ajili ya swala. Pili, bibi harusi halazimiki kuwapo msikitini. Walii wake yupo, mashahidi wawili wapo, mahari yametajwa, khutba inasomwa, bwana harusi anakubali, na ndani ya muda mfupi halua na kahawa zinapitishwa. Hakuna saluni kwenye mnyororo huo. Ibada ya kanisani haiwezi kuanza mpaka mtu mmoja, ambaye maandalizi yake ndiyo marefu kuliko ya wote, afike mlangoni. Tofauti ya nidhamu ya muda kati ya harusi hizi mbili, ambayo watu hupenda kuieleza kwa tabia za waumini, inaelezeka vizuri zaidi kwa mpangilio wenyewe. Na kuthibitisha hilo, tazama sherehe ya wanawake ya usiku, ya kupamba au ya kumtoa bibi harusi: hapo saluni inarudi kwenye mnyororo, na kadi iliyosema saa 2 usiku humpata bibi harusi akiingia saa 5.

Jua, joto na barabara

Tanzania nzima hutumia saa moja inayofuata nyuzi 45 za longitudo mashariki, mstari ambao haupiti hata kwenye ardhi yetu. Kwa hiyo saa zetu ziko mbele ya jua, na kadiri unavyokwenda magharibi tofauti inaongezeka. Dar es Salaam jua hufika utosini kama dakika 20 na ushei baada ya saa 6 mchana. Kigoma ni karibu saa 7. Vivyo hivyo kwa machweo: Kigoma jua huzama takribani dakika 40 baada ya Dar es Salaam, na Bukoba takribani nusu saa baadaye. Ratiba ya harusi iliyonakiliwa kutoka kwa binamu wa Dar haimfai aliye Kigoma bila kusogezwa.

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12:10 hivi katikati ya mwaka na karibu saa 12:50 mwanzoni mwa Februari. Katika latitudo zetu giza halina mzaha: baada ya jua kuzama, mwanga wa kufaa kwa picha hudumu dakika ishirini na kitu tu. Aliyetoka kanisani saa 12 kasoro amebakiza picha chache za haraka na nyingine za taa. Upande wa pili, mwanga wa saa 6 na saa 7 mchana unatoka juu kabisa, hasa mwanzoni mwa Machi na mwanzoni mwa Oktoba jua linapopita moja kwa moja juu ya jiji; macho huingia vivulini na jasho huonekana. Wapiga picha hutaka saa 10:30 hadi saa 12, na ni hao tu, kati ya wote wanaolipwa siku hiyo, ambao kazi yao haiwezi kufidiwa kwa jenereta.

Joto nalo linaamua mengi kuliko tunavyokiri. Januari hadi Machi Dar es Salaam hupita nyuzi 31 za sentigredi, na unyevu wa bahari unalifanya joto hilo lizidi kwa aliyevaa suti ya vipande vitatu au gauni lenye tabaka sita za tulu. Nairobi iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 1,600; saa 7 mchana pale bustanini, chini ya hema, mtu anakaa vizuri. Ni sababu moja, si pekee, ya harusi nyingi za Nairobi kuanza ibada saa 4 asubuhi, chakula kikawa cha mchana bustanini na wageni wakawa njiani kurudi kabla ya giza. Amri ya kutotoka nje usiku iliyodumu Kenya tangu Machi 2020 hadi Oktoba 2021 iliukaza mtindo huo kwa nguvu, lakini mtindo wenyewe ulikuwepo zamani.

Halafu barabara. Harusi ya mjini ni safari kadhaa: nyumbani kwenda saluni, saluni kwenda kanisani, kanisani kwenda kwenye picha, picha kwenda kubadili nguo, kisha ukumbini, na matarumbeta juu ya kirikuu mbele ya msafara yakipunguza mwendo kwa makusudi. Anayefunga ndoa Kivukoni na kufanyia tafrija Mbezi Beach amejiwekea njiani makutano yote ya Jumamosi jioni. Muda huo haumo kwenye ratiba ya mtu yeyote, kwa sababu kila mjumbe wa kamati huukadiria kwa mwendo aliokwenda yeye Jumapili asubuhi.

Pengo la katikati

Hapa ndipo penye kiini. Chukua harusi ya kawaida: ibada imeandikwa saa 8, inaanza saa 8:40, inakwisha saa 10:30 pamoja na kusaini vyeti na picha za madhabahuni. Tafrija imeandikwa saa 12:30, maharusi wanaingia saa 2:30 au saa 3 usiku. Kati ya kutoka kanisani na kuingia ukumbini kuna saa nne au zaidi. Wanaobishania saa ya ibada wanabishania ncha moja ya pengo hilo na kulisahau pengo lenyewe.

Pengo hili halikutokea kwa uzembe, lina kazi. Mpambaji anahitaji ukumbi ukiwa mtupu, na kama mchana palikuwa na mkutano wa watu wengine, anakabidhiwa ufunguo saa 11 jioni. Bibi harusi hubadili gauni na nywele. Wageni waliofanya kazi nusu siku wanahitaji kwenda nyumbani kuoga. Sheria ya ajira ya mwaka 2004 inaruhusu wiki ya saa 45, na sehemu nyingi binafsi hukamilisha saa hizo Jumamosi asubuhi.

Ila kazi kubwa ya pengo ni ile isiyotajwa: linatenganisha makundi mawili ya watu. Kanisani huingia yeyote. Jirani, mwanajumuiya, mwanakwaya, mama muuza vitumbua wa mtaani aliyemlea bibi harusi kwa macho, wote wana haki ya kuja kushuhudia na kupiga vigelegele. Ukumbini huingia mwenye kadi, singo au dabo, na kadi inafuata mchango. Idadi ya viti na sahani imepangwa kwa kichwa. Saa nne za katikati hufanya kazi ya adabu ambayo hakuna anayetaka kuifanya kwa mdomo: wasio na kadi hutawanyika wenyewe, bila mtu kuwaambia kwamba safari yao inaishia hapa. Ukiliondoa pengo, watu mia mbili watatoka kanisani pamoja na maharusi, watapanda daladala zilizokodiwa, na watafika mlangoni mwa ukumbi ambako kijana mwenye orodha anawasubiri.

Ndiyo maana pendekezo la "tuunganishe ibada na tafrija", ambalo kwenye karatasi linaonekana la busara tupu, hukataliwa na akina mama wa kamati bila maelezo ya kutosha. Wanajua wanachokikwepa. Anayetaka kulifupisha pengo lazima kwanza ajibu swali la kundi la kanisani. Soda na vitafunwa uani mwa kanisa kwa dakika 40, picha za pamoja na kila kundi, shukrani kutoka kwa wazazi wa pande zote mbili: gharama yake ni ndogo ukilinganisha na meza moja ya ukumbini, na heshima imetimia.

Wanaotaka asubuhi

Hoja yao ya nguvu ni kwamba siku ina akiba. Bibi harusi akichelewa saa nzima, bado ni saa 5. Mvua ikinyesha, kuna muda wa kuisubiri. Chakula ni cha mchana, bia ni chache, ukumbi wa mchana mara nyingi hukodishwa kwa bei nafuu kuliko wa usiku, na bibi wa miaka themanini hafiki nyumbani saa 8 usiku akiwa amebebwa. Wageni wa mikoani huweza kuondoka siku hiyo hiyo au kulala mapema. Ndugu walio Muscat, walio mbele yetu kwa saa moja, hufuatilia kwenye simu bila shida. Ila walio Minnesota wataikuta ibada ya saa 4 asubuhi ikiwa kwao ni usiku wa manane umepita, wakati ile ya saa 9 alasiri wangeipata alfajiri.

Udhaifu wa kwanza ni saluni. Mpambaji mmoja akitumia dakika 45 kwa kila mtu, na akawa na watu sita wa kupamba, hiyo ni kazi ya saa nne na nusu. Ibada ya saa 4 asubuhi inamtaka aanze kabla ya saa 11:30 alfajiri, yaani kabla jogoo hajawika mara ya pili, na bibi harusi ambaye jana yake alikuwa na wageni nyumbani ataingia kanisani akiwa hajalala. Dawa ni wapambaji wawili au wasimamizi wachache. Dawa zote mbili zina wapinzani ndani ya familia.

Udhaifu wa pili ni fedha, na huu ndio hasa unaoiua hoja ya asubuhi kwenye vikao. Mchangiaji wa Dar es Salaam anapotoa mchango mnono anatarajia usiku: ukumbi wenye taa, muziki, vinywaji, na nafasi ya kuvaa alichoshona. Mweka hazina anaogopa kwamba tafrija ya chakula cha mchana itapunguza michango kuliko itakavyopunguza gharama. Hofu hiyo haina takwimu, lakini haina upumbavu pia. Panapochangwa kwa mkupuo kama kwetu, tafrija ni sehemu ya mapatano.

Wanaoshikilia saa nane

Wenye msimamo huu mara nyingi hawautetei, wanaurithi. Lakini unaweza kutetewa. Saa 8 inampa mfanyakazi wa nusu siku muda wa kufika, inaipa saluni asubuhi nzima, na inaacha mwanga mwingi wa picha. Ikichelewa, inaharibika polepole.

Kinachoiangusha ni kwamba wepesi huo wa kusamehe ndio unaozaa ulegevu. Kila mtu anajua kwamba kuna saa nne mbele, kwa hiyo hakuna anayekimbia. Saluni inaongeza kitu kimoja, dereva anapitia mafuta, mchungaji anarefusha mahubiri. Msafara ukitoka kanisani unazunguka mji. Mwishowe akiba yote imeliwa na maharusi wanaingia ukumbini wakiwa wamechelewa licha ya kuwa na alasiri nzima mikononi. Wakati huo chakula kilichopikwa saa 9 kimekaa. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisiachwe nje kwa zaidi ya saa mbili, na kama kinatunzwa moto, kiwe zaidi ya nyuzi 60. Pilau ya watu 300 inayosubiri mpaka saa 4:30 usiku inahitaji majiko na uangalifu ambao wapishi wengi wanaolipwa kwa sahani hawakupangiwa bajeti yake.

Wanaotaka alasiri

Ibada ya saa 9:30 au saa 10, kutoka kanisani saa 11:15 hadi saa 11:30, picha kwenye mwanga mzuri, kisha ukumbini. Siku inakuwa fupi, imebana, na nguvu za watu hazijaisha. Bibi harusi anabaki na gauni lilelile, na kwa wengine hilo ni nafuu ya fedha.

Hatari yake ni moja, nayo ni kubwa: haina akiba hata chembe. Saa moja ya kuchelewa saluni inafuta picha zote za mwanga. Mvua ya vuli ya Novemba au ya masika ya Aprili ikishuka saa 10, kila kitu kinahamia usiku. Tena si kila kanisa linaruhusu, kwa sababu ya ibada za jioni. Ni ratiba ya watu wenye mtu mmoja mkali anayesikilizwa na wote, awe shangazi, awe mwenyekiti wa kamati. Familia isiyo na mtu huyo isijaribu.

Kadi inayodanganya kwa nia njema

Sehemu kubwa ya mkanganyiko hata hivyo haitokani na saa iliyochaguliwa, inatokana na saa iliyoandikwa. Kamati inajua watu huchelewa, hivyo inapotaka wageni saa 2 inaandika saa 12:30. Wageni wanajua kwamba kamati huandika saa ya mapema, hivyo wanafika saa 2:30. Harusi inayofuata kamati inaandika saa 12 kamili. Ni kama mtu aliyesogeza mbele saa yake ya ukutani kwa dakika kumi ili asichelewe. Wiki ya pili ameshazoea kuziondoa kichwani.

Anayeumia katika mchezo huu ni yule anayeiamini kadi: mzee mstaafu, mgeni kutoka mkoani, bosi aliyealikwa kwa heshima. Hao ndio hukaa ukumbini peke yao wakisikiliza fundi muziki akijaribu spika. Waliozoea mji hawaumii kabisa. Kwa maneno mengine, kadi isiyo ya kweli huwaadhibu wenye adabu na kuwalipa wasio nayo, na baada ya harusi tatu mzee mstaafu naye hujifunza.

Lipo pia tatizo dogo la kipuuzi ambalo huleta hasara ya kweli. Kadi zinazochanganya Kiswahili na Kiingereza huandika "8:00" bila kusema ni ya asubuhi, mchana au usiku, au huandika saa ya Kiswahili na kuitia alama za Kiingereza. Tofauti ni saa sita, na mgeni anayetoka Nairobi au London anaweza kufika wakati ibada imekwisha au haijafikiriwa. Mstari mmoja unatosha: saa 9 alasiri, yameisha.

Je, kuandika saa ya kweli kunawezekana iwapo wengine wote wanaandika ya uongo? Peke yake hakutoshi; mgeni atapunguza tu kama alivyozoea. Kunafanya kazi pale panapoambatana na jambo linaloonekana. Baadhi ya kamati huanza kutoa vinywaji na vitafunwa kwa saa iliyoandikwa na kuvifunga baada ya dakika 45. Nyingine huandika kwenye kadi saa ya maharusi kuingia ukumbini, tofauti na saa ya milango kufunguliwa, na kufunga mlango wakati wa kuingia kwao. Mgeni anaelewa haraka anachokosa.

Kuhesabu kutoka mwisho

Nikizipima hoja hizi, naona kosa la wote watatu ni kuanzia kanisani na kwenda mbele. Ncha isiyosogea iko upande wa pili. Ukumbi una saa yake ya kufunga. Kanuni za kelele za mwaka 2015, ambazo NEMC, baraza la taifa la mazingira, inazisimamia, zina viwango vikali zaidi kwa usiku, na kumbi zilizo katikati ya makazi zimeanza kuwa na woga. Tuseme ukumbi unafunga saa 6 usiku. Ratiba ya MC, ukijumlisha kuingia, utambulisho, keki, shampeni, chakula, zawadi na muziki, haiwezi kuwa chini ya saa nne bila kukata kitu ambacho ukoo mmoja utakinunia. Maharusi, basi, waingie saa 2 usiku na si baadaye. Wageni wawe wameketi saa 1:30. Kadi iandike saa 1.

Rudi nyuma tena. Kuingia saa 2 kunataka maharusi wawe jirani na ukumbi saa 1:15, wakipumzika na kula kidogo, kwa sababu hakuna aibu kama bibi harusi anayezimia kwenye meza kuu. Barabara ni saa moja. Picha ziishe saa 12:15, na hiyo Dar es Salaam ya Juni ndiyo dakika jua linapozama. Watoke kanisani saa 11. Ukitoa saa moja na nusu za ibada na nusu saa ya kuchelewa, unapata saa 9 alasiri. Januari unaweza kwenda saa 9:30. Kigoma unaweza kuandika saa 9:30 mwaka mzima na bado ukabaki na jua.

Saa 9 hiyo inapunguza pengo kutoka saa nne hadi tatu, na saa hizo tatu zote zina kazi. Inabakiza nafasi ya wasio na kadi kutawanyika kwa heshima yao. Saluni inapata asubuhi. Ni jibu la harusi ya mjini yenye ukumbi wa usiku na michango ya usiku, na kwa hiyo ni jibu la wengi wanaopokea kadi hizi. Kwa harusi ya kijijini Moshi mwezi Desemba, ambapo kanisa, nyumbani kwa wazazi na turubai viko ndani ya kilomita mbili, asubuhi inashinda wazi: hakuna foleni, hakuna ukumbi wa kufunga, na pengo la kutenganisha watu halihitajiki kwa sababu wote watakula. Kwa familia yenye wazee wengi, au iliyoamua kutumia kidogo, asubuhi inashinda pia hata mjini, ilimradi michango iombwe kwa kiwango cha chakula cha mchana tangu kikao cha kwanza. Alasiri ya saa 10 niwaachie wenye kanisa na ukumbi kwenye kiwanja kimoja.

Iliyobaki ni utaratibu wa vikao. Kamati nyingi hulipia ukumbi kwanza, huchapisha kadi, kisha huenda parokiani kuuliza nafasi. Mpangilio huo ndio unaozalisha saa nane za lazima na pengo la saa tano. Parokia iulizwe kwanza, na iulizwe vipindi vyote vilivyo wazi kwa Jumamosi mbili tatu. Saluni iulizwe ina mikono mingapi. Ukumbi uulizwe unafunga saa ngapi na mpambaji anaingia saa ngapi. Na paroko akisema saa 9 imejaa, iliyobaki ni saa 4 asubuhi tu, basi chakula na aina ya ukumbi vibadilike kufuata hilo, na mweka hazina aambiwe siku hiyo hiyo, kabla hajatoa malipo ya awali.